Meneja Asiyefoka

Meneja wao, waliyembandika jina la Radi, alipohamishwa, wauzaji wa cherehani walishusha pumzi. Kila asubuhi alikuwa akiwakusanya nyuma ya duka, katikati ya maboksi, na kuwafokea mpaka mate yanawarukia. Aliyeuza sana alipigiwa makofi. Aliyeuza kidogo alisimamishwa mbele kama mwizi wa kuku. Basi kila mtu akajifunza kuwaficha wateja wake kama mcheza karata afichavyo karata zake.

Aliyekuja badala yake alikuwa mwanamke mwembamba, sauti ya chini kama ya mgonjwa. Siku ya kwanza aliuliza tu, "Jana nini kiliwakwamisha?" kisha akatulia kungoja jibu. Hakuna aliyejibu. Wakambandika jina: Kimya.

Shangazi hakumwamini hata chembe. Walimwita Shangazi kwa kuwa nusu yao aliwafundisha kazi yeye.

"Huyu anatuchimba," alimnong'oneza Mpole, binti aliyekuwa akishika mkia katika mauzo. "Anayefoka unajua alipo. Huyu je?"

"Labda ndivyo alivyo, Shangazi."

"Labda! Utakuja kuniambia."

Dalili alizidi kuziona. Kimya alijifungia na mkurugenzi, akatoka uso umemkunjamana, na alipogundua anatazamwa akatabasamu haraka. Kisha akaanza kufuatana na muuzaji mmoja mmoja mitaani. Anatafuta nini?

Zamu ya Shangazi ilipofika, aliamua kumzungusha. Alimpitisha kwa mafundi wasio na haja ya cherehani mpya, akaikwepa mitaa yake minono. Kimya alifuata tu, viatu vimejaa vumbi, halalamiki. Hilo nalo likamtia Shangazi wasiwasi.

Kwa fundi wa mwisho wakapokewa kwa matusi. Mashine aliyouziwa ilikuwa ikikata uzi kila saa.

"Matapeli nyie!"

Shangazi alifumbua mdomo ajitetee, lakini Kimya akamtangulia. "Samahani, baba. Kosa ni letu ofisini, si la huyu mama. Kesho utaletewa nyingine."

Anaigiza, Shangazi akajisemea.

Njiani Kimya akauliza, "Mbona hukunipeleka kwa wateja wako?"

Shangazi hakurudi nyuma. "Na wewe mbona hukutuambia umetumwa kufanya nini?"

Kimya akasimama. "Nimetumwa nichague mtu wa kupunguzwa."

"Mpole?"

"Wakubwa walimtaja. Mimi nimekataa. Nimewaambia hatuuzi kwa sababu kila mtu anamwogopa mwenzake kuliko anavyomwogopa mshindani wetu. Wamenipa mwezi huu tu. Nikishindwa, tunaondoka wote wawili, mimi na yeye."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Wenzako wanakutazama wewe, Shangazi. Ukifungua mkono, watafungua."

Maneno matamu, aliwaza Shangazi; hata tapeli anayo. Kesho yake akamwendea karani wa mkurugenzi, ambaye ni shemeji yake, akamuuliza kuhusu hiyo habari ya kupunguzwa mtu.

Karani aliutupia mlango jicho. "Nani kakwambia?"

Jibu hilo lilimtosha. Akamshika Mpole mkono, akampeleka kwenye mtaa wake mnono kuliko yote, mlango kwa mlango. "Huyu ni mwanangu," aliwaambia mafundi. "Msiponiona mimi, mwiteni yeye." Ulimi ulimwuma kusema hivyo. Wateja wale aliwatafuta kwa jasho.

Asubuhi iliyofuata Kimya aliuliza swali lake lilelile, na Shangazi akawa wa kwanza kujibu: mashine zinachelewa kufika, wateja wanachoka kungoja. Mwingine akadakia. Mara nyuma ya duka pakawa na kelele za watu wanaopeana habari, na siku hiyohiyo Kimya akaenda kugombana na watu wa ghala.

Mwezi ulipoisha, mauzo hayakuwa ya kushangilia, lakini yalipanda. Mpole akabaki. Kimya akabaki.

"Sasa unamwamini?" Mpole akauliza walipokuwa wakitoka.

"Nusu," alisema Shangazi, akitundika mkoba begani. "Twende, kwenye ule mtaa wetu mnono kuna fundi hufunga mapema."