Rangi ya Mtumbwi Nyuma ya Gurudumu

Kama ni kumsikiliza Alaso, Otiende hakufa hata kidogo. Alaso, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amevuka kwenda Tororo na kuku wake wa kuuza, na huko karibu na soko, alisema, akasikia honi. Si honi ya hivihivi. Ilikuwa honi ya Otiende, ile inayolia kama ndama aliyenyimwa titi. Kugeuka, akaona Peugeot, zamani kijivu, sasa nyeupe pe kama yai, na ndani mwanamke wa Kiganda na gauni lake la busuti, mabega juu.

"Nikaita, 'We Otiende! Mke wako anakula nini huko Malaba?'" Alaso alisimulia, mikono kiunoni, wanawake wa kisimani wamemzunguka. "Akafunga kioo, akaenda zake. Mwanamume ni mwanamume, dada. Wewe unakonda kwa kulia, yeye ananenepa."

"Uso wake uliuona?" Nafula, mke mwenyewe wa Otiende, aliuliza.

"Uso wa nini? Honi yake siijui mimi?"

Na hapo mpakani ndivyo ilivyokuwa. Dereva alijulikana kwa honi kabla ya kujulikana kwa sura. Hata watoto waliita jina la dereva kwa kusikia honi, mtu mwenyewe bado yuko kwenye kona. Nafula hakubishana. Alijitwika debe lake akaenda, maji yakimdondokea shingoni.

Tangu Otiende apakie abiria wa Mbale na kuvuka, mahindi yalikuwa yamevunwa na mengine kupandwa. Ng'ambo, upande wa Uganda, siku hizo bunduki ndiyo iliyotawala, na kuwa na gari zuri kulikuwa kosa tosha. Madereva wenzake walimtafuta wiki za kwanza, kisha wakaanza kusema "marehemu" wakidhani Nafula hasikii.

Siku ile ile mama mkwe, Perez, aliwasili kutoka Namboboto. Hakutaka chai.

"Wazee wamekaa," alisema. "Tunda la yago limeshapatikana. Wiki ijayo tunachimba."

Nafula aliijua desturi. Mtu akipotelea majini au vitani na mwili usionekane, hukatwa tunda la yago, yaani mwegea, lile refu lenye uzito wa mtoto, likafunikwa shuka na kulazwa kaburini badala yake. Watu hulia kama kawaida. Mke hunyolewa. Mambo yakaisha.

"Na kama yu hai, mama? Alaso anasema amemwona. Nikimzika mtu anayepumua, atarudi kwa lango gani? Si tutakuwa tumemfungia nje sisi wenyewe?"

"Na kama amekufa? Mtoto wangu yuko nje, Nafula. Ananyeshewa huko porini." Perez alifunika mdomo kwa ncha ya leso. Alipoiondoa, sauti ilikuwa imepungua. "Mimi nataka tu aingie nyumbani. Leta neno la kweli kabla ya wiki ijayo, nitawazuia wazee. Usipolileta, tutalaza tunda."

Neno la kweli litoke wapi? Nafula alijua mahali pamoja tu.

Mwaka kabla ya kupotea, wizi wa magari ulipozidi, Otiende alipandisha Peugeot juu ya mawe nyuma ya nyumba, akavua magurudumu ya mbele. Alitaka kupaka rangi zile kalipa, vyuma vinavyobana diski ya breki. Rangi ilikuwa mabaki ya mtumbwi wa mjomba wake, buluu kali ya kuumiza macho. Alisugua kutu kwa brashi ya waya na sabuni, akafunika diski na mipira kwa karatasi za gazeti, akachuchumaa kama mtu anayemwogesha mtoto. Madereva walipita wakimcheka.

"Otiende! Sasa gari unalipaka wanja? Nani atalichungulia chini ya nguo?"

"Mwizi atabadilisha namba," aliwajibu, "atapaka mwili rangi mpya. Lakini huku hatafika. Hana haja."

Brashi ya rangi ilikuwa imekauka kama kuni, kwa hiyo Nafula alitwanga ncha ya kamba ya katani kwa jiwe, ikawa brashi. Kalipa ya kulia aliipaka yeye. Nyuzi za katani zilinasa kwenye rangi. Otiende akataka kuzing'oa, naye Nafula akamwambia aziache zikauke pamoja na rangi, ziwe alama ya mkono wake. Otiende alicheka. Alikuwa na buluu kwenye nyusi.

Kwa hiyo kesho yake Nafula alibeba birika lake la chai akaenda kuketi kwa Oluka, fundi wa pancha kando ya barabara ya mpakani. Ng'ambo viraka na matairi vilikuwa adimu kuliko sukari. Gari lolote la Tororo lililotoboka tairi lilijikokota mpaka kwa Oluka. Nafula alimweleza shida yake. Oluka, mtu wa kabila la Teso, wa maneno machache, alimsogezea kigogo cha kukalia.

Nafula aliuza chai, akachungulia nyuma ya kila gurudumu lililovuliwa. Siku zikapita hivyo, malori na vumbi, mpaka ikabaki siku moja ya kwenda Namboboto.

Akasikia ndama.

Honi ililia upande wa mpakani, ndefu, ya kulalamika, na Nafula akajikuta amesimama, kikombe cha mteja kimeanguka, mkono wake tayari juu ya kitambaa cha kichwa ukikiweka sawa. Peugeot nyeupe ikaingia ikichechemea kwa gurudumu la kulia mbele. Mlango ukafunguka. Akashuka mtu mnene wa makamo, miwani myeusi, shati la maua.

"Fundi, haraka," alisema. "Nina mzigo unaningoja."

Nafula aliangalia ndani ya gari. Hapakuwa na mwingine.

Oluka alilegeza nati, akapandisha jeki, akavuta gurudumu. Kisha akasogea pembeni, ingawa kazi haikumtaka asogee. Nafula alipiga magoti. Chini ya vumbi na weusi wa breki, buluu ilikuwepo. Alipitisha kidole. Nyuzi zikamkwaruza.

Alikaa hapo mpaka Oluka akamaliza kuziba tairi na kulirudisha gurudumu.

"Mama, umepoteza kitu?" yule mtu aliuliza.

"Rangi iliyo nyuma ya gurudumu hili niliipaka mimi, mzee. Gari ni la mume wangu."

"Gari nilinunua." Alimgeukia Oluka. "Kaza, boss, niende."

"Sikatai. Kaa nalo." Nafula aliinuka, akasimama kati yake na mlango, si kwa ubishi, miguu tu haikutaka kwenda mbali. "Sitaki gari, sitaki askari. Kesho nyumbani wanalaza tunda kaburini, na mimi sijui kama namlilia mtu au namfukuza. Niambie kitu kimoja tu, mzee wangu, nami nitakuombea mpaka nife. Siku uliyopewa ufunguo, mwenye gari alikuwa amesimama, ama alikuwa amelala chini?"

Oluka aliacha kukaza nati. Yule mtu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Nendeni mkalaze tunda, mama," alisema.