Koti Linaloanza Mabegani

Bibi Afya alizamisha koti lake jeupe kwenye beseni, na kabla hajatia sabuni maji yalishageuka kijivu. Akalishika pindo kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika mende sharubu, akaliinua. Lilikuwa limebeba sakafu nzima ya kiwanda cha mikate: grisi, unga ulioganda, nywele ambazo hakutaka kujua ni za nani, na punje ndogo nyeusi ambazo alijua vizuri sana ni za nani.

“Mama, hayo si mavi ya panya?” aliuliza binti yake, amesimama mlangoni anatafuna karoti.

“Ndiyo. Toka hapa na karoti yako.”

Binti hakutoka. Alikuwa mtoto wa shule bado, lakini alishampita mama yake kichwa kizima, ndiyo maana mtaani wakambatiza Twiga.

“Na ndiyo mkate tunaokula shuleni?”

“Ndiyo huohuo. Kuanzia kesho utabeba viazi vyako.”

“Niwe nakula viazi peke yangu, wenzangu wananitazama?”

“Bora wakutazame wewe kuliko wewe umtazame panya.”

Bibi Afya alikuwa mkaguzi wa vyakula. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye majiko, mabucha na viwanda, kunusa, kufunua, kuchungulia, na pale palipostahili kufungwa, kufunga. Kazi aliiweza. Kilichomshinda ni koti. Sheria ilisema mkaguzi haingii panapotengenezwa chakula bila koti jeupe la idara, na idara ilishona makoti kwa kuwafikiria wanaume wenye vitambi. Yeye alikuwa mwanamke mdogo, mdogo kweli, kiasi kwamba akikaa kwenye kiti cha ofisini miguu hucheza hewani. Ndani ya lile koti alionekana kama mtoto aliyejificha kwenye pazia.

Na siku hiyo pazia lilikuwa limemponza. Alikwenda kwenye kiwanda cha mwanamume mmoja mnene, mcheshi, ambaye watu walimwita Bwana Hamira. Kando ya magunia ya unga aliona mavi ya panya. Nyuma ya mashine ya kukandia alisikia harufu, ile harufu nzito, tamu tamu, ya kitu kilichokufa kikasahauliwa. Pale kati ya mashine na ukuta palikuwa na upenyo mwembamba. Akapeleka mkono. Lakini mikono ya koti alikuwa ameikunja mara nyingi hadi ikavimba kama mto wa kulalia. Mkono ukagoma kuingia. Alipouvuta kwa nguvu, mikunjo ikafumuka, na kitambaa chote kikaangukia ndani ya pipa la unga uliokandwa.

Bwana Hamira hakupoteza muda. Alitoa simu akapiga picha: koti ndani ya unga, pindo jeusi likiburuta sakafuni.

“Jamani, oneni! Huyu ndiye mkaguzi wa usafi!”

Wafanyakazi walicheka. Bibi Afya aliandika amri ya kufunga, akaibandika mlangoni, akatoka kichwa juu. Kabla hajafika ofisini, picha zilikuwa zimeshafika.

“Anasema uchafu umeuingiza wewe,” alisema Mkuu wa idara, huku anaisogeza simu mbali na uso wake kana kwamba nayo inanuka. “Na ukiangalia hili koti… mimi nitamjibu nini?”

“Mjibu kwamba ana panya.”

“Umemwona panya?”

“Nimemnusa.”

“Mavi atasema umeyaleta wewe, na pua haipelekwi mahakamani, mama. Amri naiondoa kwa sasa. Ijumaa tutarudi wote wawili. Ukinionyesha kitu, tunafunga. Usiponionyesha, utakaa mapokezi, mambo ya ukaguzi tuwaachie wengine. Na tafadhali, njoo umevaa kama mtu mzima.”

Kama mtu mzima! Maneno hayo alirudi nayo nyumbani hadi kwenye beseni. Huku anafikicha pindo, alihesabu kichwani si aibu yake, bali watoto. Shule nzima ya kina Twiga ilikuwa inakula kutoka kwenye lile pipa.

Kesho yake alianzia stoo.

“Nataka koti linalonienea.”

Mtunza stoo alimpima kwa jicho, akashuka nalo hadi chini, safari isiyochukua muda. “Dada, ulilo nalo ndilo dogo kuliko yote. Kunja.”

“Nimekunja hadi limekuwa gurudumu.”

“Basi vaa viatu virefu.”

“Mikono nayo niivalishe viatu?”

Mtunza stoo alicheka hadi akashika meza. Bibi Afya alimwona jino lililooza nyuma kabisa ya kinywa, akageuza uso.

Jioni alikwenda na Twiga kwenye duka la sare za kazi. Muuzaji, mwanamke mwenye kucha ndefu zenye weusi chini yake, alimpita yeye moja kwa moja akamwendea binti.

“Karibu dada. Na huyu mdogo wako tumtafutie nini?”

“Ni mama yangu,” alisema Twiga, akibana kicheko.

“Ala! Samahani, mama. Kwa mwili huo nenda upande wa watoto, huko hukosi.”

Upande wa watoto kweli kulikuwa na koti jeupe. Lilikuwa la kuchezea udaktari. Kifuani lilichapwa kipimo cha mapigo ya moyo, na mfukoni dubu anayetabasamu.

“Lingine hatuna, lakini dubu anabanduka,” alisema muuzaji. “Jaribu tu.”

Chumba cha kujaribia kilikuwa kona iliyozibwa kwa kitambaa. Kitambaa kilinuka makwapa ya mji mzima. Sakafuni kulikuwa na zulia lenye nywele, kipande cha plasta iliyotumika, na kitu chenye unyevu ambacho Bibi Afya alikikanyaga kwa soksi kabla hajakiona. Alivaa lile koti kwa kuwa alishaingia. Mabega yakakaa. Urefu ukakaa. Lakini kifua cha mwanamke aliyenyonyesha watoto wawili si kifua cha mtoto wa darasa la pili, na kifungo cha katikati kiliruka kikagonga kioo.

“Mama, umeua dubu!” alisema Twiga nje ya pazia.

“Nyamaza. Tuondoke kabla sijaugua.”

Alipofika nyumbani aliichoma ile soksi.

Ikabaki njia ya fundi. Alimpelekea koti la idara, limefuliwa, limepigwa pasi, akamwachia maneno mafupi: lipunguze linienee. Fundi alikuwa mzee mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Aliitikia kwa kichwa, hakumpima popote. Siku ya pili Bibi Afya akaja kulichukua, akalivaa mbele ya kioo cha ukutani.

Pindo lilikuwa limeishia vizuri kwenye magoti. Mikono iliishia kwenye vifundo. Basi, mema yake yaliishia hapo. Mabega yalining'inia hadi kwenye mikono. Kwapa zilikuwa kwenye mbavu, pana kiasi cha kufuga kuku. Mkanda wa kiunoni ulikaa kwenye makalio, na mifuko, ambayo mwanzoni ilikuwa mapajani, sasa ilikaribia magoti.

“Fundi, nikitaka kalamu nipige magoti kwanza?”

“Limependeza, mama yangu.”

“Limempendeza nani? Umekata chini, ukakata mikono, basi.”

“Sasa mtu mfupi unamkata wapi? Si chini!” Alitoa pini mdomoni, akazifuta kwenye suruali, akazirudisha mdomoni. “Miaka yote nawashonea wanawake wafupi hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kulalamika.”

“Hawakulalamika kwako. Nisikilize. Mimi sikuzaliwa mrefu halafu wakanikata miguu. Mimi ni mdogo kila mahali. Bega langu ni dogo, mgongo wangu ni mfupi, kiuno changu kiko juu. Ukikata chini tu, juu unaniachia mtu mwingine kabisa.”

“Kufumua mabega ni sawa na kushona upya, mama.”

“Basi shona upya.”

“Ijumaa ndiyo kesho!”

“Ndiyo maana nakaa hapa. Na hizo pini zitoe mdomoni, ziweke kwenye kisahani. Sipimwi na mate ya mtu.”

Fundi alimtazama, akaona mtu asiye na mpango wa kuondoka. Akanung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wana mdomo, akachukua wembe, akaanza kufumua. Mikono ikatoka. Kola ikatoka. Twiga, aliyekuwa amemfuata mama yake, akashika chaki, na Bibi Afya akasimama amenyoosha mikono kama mtu anayepekuliwa. Kila fundi alipotaka kukisia, yeye alisema, “Pima.” Walianzia begani, wakashuka kwapani, wakafika kiunoni, wakahamisha mifuko, na pindo wakalifikia mwisho kabisa. Mikononi akataka vifungo vinavyobana.

Mara mbili fundi aliapa kwamba kitambaa hakitatosha. Kilitosha, kikabaki.

Alipolivaa alinyanyua mikono, akainama, akachuchumaa, akajikunja. Koti likaenda naye. Fundi alilizunguka, akavuta mshono mmoja, akautikisia kichwa.

“Mama, una kiuno!” alisema Twiga.

“Nilikuwa nacho siku zote.”

Ijumaa kiwanda kiling'aa. Sakafu ilipigwa deki hadi ikateleza, na dawa ya kung'arishia ilichoma macho. Wafanyakazi walivalishwa kofia mpya, bado zina mikunjo ya pakiti. Bwana Hamira alimpokea Mkuu kwa mikono miwili.

“Karibu sana, mheshimiwa. Jisikie nyumbani. Ah, na mama naye yupo! Leo umetoka chicha, umependeza. Umemwachia nani lile hema?”

Bibi Afya alivaa glavu, akafunga vifungo vya mikononi juu yake, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukandia.

“Hiyo haisogezwi,” Bwana Hamira aliharakisha kusema. “Imefungwa sakafuni. Na nyuma yake hapapiti mtu.”

“Sijaomba isogezwe.”

Alilala ubavu sakafuni. Harufu ilimpokea kama kofi. Dawa yote ile haikuifikia. Akafunga mdomo, akapumulia kwa juu juu, akauingiza mkono kwenye upenyo. Uliingia. Ukaingia hadi kwenye kiwiko, ukaingia hadi begani, na bega lenyewe likapita, kwa kuwa halikuwa na kitambaa cha ziada cha kung'ang'ania ukutani. Vidole vikagusa kitu laini.

Akavuta. Kwanza likatoka donge la unga wa zamani, la kijani, lenye manyoya kama paka. Likafuata tambara lililoloa mafuta, ambalo mfanyakazi mmoja alilitambua, akasema bila kufikiri, “Si ndilo la kufutia trei lile!” Kisha akaja na kiota cha magunia yaliyotafunwa, na ndani yake vitoto vya panya, vyekundu, bila manyoya, vinajinyonganyonga kama vidole vilivyokatwa. Mwisho akatoa panya mkubwa, aliyekufa siku nyingi, tumbo limepasuka, na ndani ya tumbo funza wakitambaa bila haraka.

Mashine iliendelea kukanda.

“Tulimwambia bosi kuna harufu,” alisema mwanamke mmoja mwenye kofia mpya, kwa sauti ndogo. “Akasema ni hamira inachachuka.”

Mkuu alifungua mdomo ili atoe amri. Badala ya amri kikatoka kifungua kinywa, chote, ndani ya kreti la skonzi.

“Mheshimiwa, jamani, haya ni mambo ya kuzungumza,” alisema Bwana Hamira, jasho linamtiririka.

“Zima mashine,” alisema Bibi Afya kutoka sakafuni. “Watu wote nje.”

Safari hii amri iliandikwa na Mkuu mwenyewe, na kufuli ikafungwa mbele yake. Nje alijifuta kidevu na leso.

“Kumbe udogo wako ni mali,” alisema. “Sasa nimejua. Kuanzia leo mashimo yote tunakuingiza wewe.”

Bibi Afya alimtazama. Kwenye tai yake kulikuwa na kipande cha yai.

“Kabla ya leo nilikuwa mdogo hivihivi, na hukuniamini. Mwambie mtunza stoo anishoneshee mengine mawili, kwa vipimo vyangu, kuanzia mabegani. Halafu jifute tai.”

Alikuwa bado anavua glavu pale yule mwanamke aliyesema habari ya harufu alipomvuta kando.

“Dada, mikate ya shule ilishatoka. Gari liliondoka asubuhi, kabla hamjafika.”

Hakusubiri gari la ofisi. Shule ilikuwa mtaa wa pili. Alikimbia, akaruka mtaro, akapita getini mlinzi bado anatafuta neno la kumwambia. Kengele ya mapumziko ilikuwa imeshalia. Akamkuta mwalimu wa zamu mbele ya makreti.

“Acha kugawa! Kiwanda kimefungwa, kuna panya!”

Mwalimu alidondosha mkate aliokuwa nao. Watoto walioshika vipande wakavitazama kama vinaweza kuwauma. Bibi Afya akatupa macho juu ya umati, na kwa kuwa juu ya vichwa vyote kulikuwa na kichwa kimoja, hakuhangaika kumtafuta aliyemtaka. Twiga alikuwa na mashavu mawili yaliyotuna. Kopo la viazi lilikuwa kwapani, halijafunguliwa.

Mama alikwenda akasimama mbele yake, akakinga kiganja.

“Tema.”

Twiga aliangalia wenzake, akamwangalia mama yake. Kisha akainama, kwa kuwa ilibidi ainame, akatema donge lote la mkate uliolowa mate kwenye kile kiganja kitupu.

“Lililobaki.”

Akatema na lililobaki.

Lilikuwa la moto na lilinata. Bibi Afya alilifumba mkononi, akamgeukia mtoto aliyefuata.