Boriti ya Babu na Kilo za Shangazi

Mtu akiniambia "mbao ni zile za zamani," huwa namkumbusha kuwa hata mchwa wanalijua hilo. Kazi yangu ni kukagua mbao za nyumba zilizobomolewa, niseme ipi itajenga tena na ipi ni kuni.

Siku ile mbao ilikuwa ya kwetu. Nyumba ya babu ilikuwa imebomolewa, na shangazi alitaka boriti yake ya kati ibebe paa la chumba chake kipya. Nyingine hakuitaka.

"Ukiikataa hiyo," aliniambia, "nitalala nje, na wewe utanijua."

Nikaigonga kwa nyundo, ikalia vizuri. Nikaichoma kwa kisu, hakikuzama. Lakini mbao ni hodari wa kuficha maradhi. Fundi seremala akanisaidia kuilaza juu ya matofali, huku na huku, nikavuta uzi kutoka ncha hadi ncha ili nipime inavyopinda. Tukaweka katikati mfuko wa simenti wa kilo hamsini. Ikashuka milimita mbili. Wa pili, nne. Wa tatu, sita. Mbao yenye adabu hivyo hunifurahisha kuliko watu wengi.

Mifuko ikaisha, na mimi nilitaka mzigo zaidi.

"Nitakaa mimi," shangazi akasema.

"Una kilo ngapi, Shangazi?"

Alimtazama fundi kwanza. "Hamsini na tano."

Fundi akakohoa. Nikaandika.

Shangazi akapanda, akakaa juu ya mifuko. Nilitarajia milimita mbili na ushee. Nikasoma rula mara mbili, maana sikuyaamini macho yangu: zilikuwa zimeongezeka nne. Boriti inayopinda kupita kiasi cha mzigo wake imeanza kukatika ndani kwa ndani. Nikachukua kopo la rangi nyekundu, ile ya kuwekea alama kuni.

"Unafanya nini, wewe?"

"Imeshindwa, Shangazi. Pole sana. Mfuko mmoja unaishusha milimita mbili. Wewe, na hizo hamsini na tano zako, umeishusha nne."

Akaitazama rangi, akamtazama fundi, kisha akaipapasa boriti kwa kiganja.

"Futa hiyo hamsini na tano," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Andika mia moja na mbili. Na zote nimezila chini ya boriti hii."