Gari la Baba na Mafuta ya Papa

Logibuku ya gari letu, kile kitabu cha wenye gari, ilikuwa na majina manne, na mimi nilikuwa nautaka mstari wa tano. Msiniite mroho. Tangu nimalize kidato cha nne mwaka 1982 nimelala chini ya lile gari kuliko nilivyolala kitandani, na wasichana wa Gede wanaijua zaidi miguu yangu kuliko sura.

Lenyewe ni MG ya mwaka 1952, viti viwili, taa zimetoka kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Jina la kwanza ni la meneja wa shamba la mkonge kule Kilifi, aliyelileta kwa meli kutoka kwao Uingereza. La pili ni la daktari wa Malindi, ambaye siku moja alilitia ufuoni kuringa, likanasa mchangani, maji yakajaa nalo limo. La tatu ni la mwalimu aliyeogopa mwendo, akaliacha kwenye ua wa shamba la mkonge lioze. La nne ni Kaingu, baba yangu, dereva wa trekta hapo shambani, aliyeambiwa siku anastaafu aliondoe pale uani au litupwe. Akalikokota mpaka kwetu Gede. Toka siku hiyo waliolipanda ni kuku tu.

Mwaka 1984 Mzungu mmoja wa Bofa, ufuoni Kilifi, mpenzi wa magari ya zamani, akaanza kuja kulichungulia. Baba akanipa sharti mbele ya Mama: "Kalama, ukilifikisha Kilifi bila kusukumwa, nakuandika jina. Likisukumwa hata hatua moja, Mzungu achukue, na wewe utafute kazi kama watoto wa wenzangu."

Injini haikuwa taabu. Makanika wetu, Nahashon Thuku, aliifungua na kuifunga mpaka ikakohoa, kisha ikanguruma.

"Injini iko sawa," akaniambia. "Lakini bodi, hiyo bati ukitoa, ndani ni mbao. Na mchwa wamekula. Wewe hutaki makanika, unataka seremala. Hawa watu walitengeneza kitanda wakaweka matairi."

Ni kweli, MG za wakati ule mifupa yake ni miti. Nikaenda Shella, Malindi, kwa Fundi Lali, mzee aliyeunda mashua maisha yake yote.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho chombo chako kina mkuku, uti wa mgongo wake?"

"Hakina, fundi. Ni gari."

"Basi aliyekiunda alikuwa mvivu."

Akaja kwetu wiki tatu. Akachonga mvule, akalitia mbavu, milango ikafunga *tap!* hata nikapiga makofi. Kosa langu ni moja: nilikwenda Mombasa siku mbili kutafuta kioo cha mbele. Niliporudi, bati limeshapigiliwa misumari, rangi ya kijani imekauka, Fundi Lali anakunywa kahawa, na paka saba wamelizunguka gari wakisubiri kukaribishwa.

"Fundi, harufu gani hii?"

"Mafuta ya papa. Nimezipaka mbao mikono mitatu kabla ya kufunga bati."

"Kwa nini?"

"Ati kwa nini! Mbao yangu haitoki bila mafuta ya papa. Mchwa hatii jino hapo miaka thelathini."

"Lakini hili haliendi baharini!"

"Si ndiwe uliyeniambia daktari alilitia baharini? Basi."

Nikaliosha kwa ndimu. Nikalimwagia majivu. Nikalifukiza ubani mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Wapi! Harufu imo ndani ya mbao, mbao zimo ndani ya bati, na kulibandua bati ni kuanza upya. Jua likipanda, na papa naye anapanda.

Jumamosi ya safari Baba alitoka na shati lake la Krismasi. Akaketi. Akanusa.

"Kalama, umepakia samaki?"

"Ni fundi, Baba."

"Haya, endesha."

Matsangoni watu waliziba pua. Pale Tezo, nilipopunguza mwendo, mama mmoja alituuliza kilo ni pesa ngapi. Lakini gari halikusukumwa! Nikaliegesha mbele ya soko la Kilifi, nikazima injini.

"Baba, tumefika."

"Nimeona. Sasa twende Bofa, na Mzungu aone."

"Aone nini? Si tulipatana?"

"Aone tu. Kuona si kununua."

Yule Mzungu alitoka anachekelea. Zilipobaki hatua tatu, cheko likakatika. Akafungua mlango, akaugonga kwa kidole, akainama, akainuka.

"Mzee Kaingu, hii mbao si yake. Lazima ng'oa yote. Hii si MG tena, hii mtumbwi. Mimi hapana taka."

Moyo wangu ukaruka. Hataki! Nilitamani kumkumbatia. Kisha nikamtazama Baba, nikaona shingo imemvimba.

"Mtumbwi? Kazi ya Fundi Lali wa Shella unaiita mtumbwi? Za kwenu zililiwa na mchwa, bwana! Hii mchwa haisogelei. Na harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe!"

Huyo ndiye aliyekuwa akiniuliza kuhusu samaki asubuhi.

Tuliporudi garini nikajikaza. "Basi, Baba, Jumatatu tukaandikishe jina langu."

"Jina lako?"

"Tulipatana."

"Tulipatana kabla sijatukanwa. Gari likitukanwa, mwenyewe hulishikilia. Nikikupa leo, yule atasema Kaingu ameona haya, amemtupia mtoto."

"Baba, hakuna atakayesema..."

"Sogea."

Miaka miwili! Kucha tatu zimeng'oka, Mombasa nimekwenda na kurudi, paka wote wa Gede wananijua kwa jina. Nikasogea. Nifanyeje, ni baba yangu. Akaukamata usukani kama wa trekta, tukatoka Bofa kwa gia ya kwanza, injini inalia kama inayofiwa. Nikamwambia kwa adabu kwamba zipo gia nyingine tatu. Akaniambia yeye ameanza kuendesha mimi sijazaliwa, nifunge mdomo nitazame barabara.