Ili Utoe, Toa

Mezani palibaki matundu manne ya skrubu na vumbi la nyuzi. Ovaloki yangu, mashine ya kufunga kingo za nguo, haikuwepo. Mdogo wangu, fundi simu tuliyemwita Chaji kwa sababu kila mara alikuwa karibu kuzima, alikuwa amekalia stuli yangu akitabasamu kama bwana harusi.

Wala hakuficha. Alikuwa ameiuza, akanunua sarafu za mtandaoni, akazichezea kamari. Na eti ameshinda. Akanisogezea simu nijionee: pesa za kununua ovaloki tatu, kwa maandishi ya kijani. Mimi nilikuwa na oda ya sare za shule nzima, na bila mashine ile kingo zote zingefumuka. Nilitamani kumzaba kofi, ila kwanza nilitaka mashine.

"Basi zitoe," nikamwambia.

Akabonyeza. Kampuni ya kamari ikajibu papo hapo, kwa adabu kumzidi yeye: "Kaka mpendwa, ili utoe, toa kwanza asilimia ishirini ya ushindi wako kwa uhakiki."

Nilisoma tena. Kuchukua chako na kumpa mwingine, yote ni kutoa, neno lilelile moja, nao walijua kulitumia. Chaji hakuona kitu. Nilimuuliza kwa nini wasikate humohumo kwenye alichoshinda, akasema ndiyo masharti yao. Nikamuuliza wakitudhulumu tumkamate nani. Akanieleza, tena kwa fahari, kwamba sarafu hizi hazina benki wala meneja, na ukishatuma hakuna wa kukurudishia. Alisema hivyo kana kwamba anazisifia.

Kisha macho yake yakahamia kwenye pochi yangu. Ndani mlikuwa na malipo ya awali ya wazazi wa wanafunzi, pesa ya vitambaa.

"Dada, nikopeshe hiyo tu. Jioni unayo mashine mpya."

"Hapana."

"Una roho mbaya, dada."

"Ninayo. Ungejua pa kuiuza, nayo ungeshaiuza."

Akaondoka amenuna. Kingo za sare zile nilizifunga kwa mkono, vidole vikavimba, nikimlaani kwa kila shati. Baadaye nikasikia mama ndiye aliyempa zile asilimia ishirini. Kampuni ilimshukuru Chaji sana, ikamwomba atoe tena.

Siku hizi hupita kunisalimia. Amekuwa mpole, anasema ameacha, na huenda ni kweli. Namwitikia. Lakini akiniita dada, huwa natazama mikono yake kwanza, uso baadaye.