Kengele ya Wodi ya Njiti

Dada yangu aliacha kuiamini kengele siku Mlafi alipokula kumbukumbu yote ya seva.

Dada ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, katika hospitali ile ile ninakotunza kompyuta. Kila njiti analala ndani ya mashine ya joto, na joto likishuka, programu ya kengele inapiga kelele wodini. Tatizo ni kwamba programu hiyo ilikuwa ikiishi kwenye seva moja na nyingine zote: ya maabara, ya dawa, ya jikoni, na ile ya ripoti tuliyoibandika jina Mlafi. Mwisho wa mwezi Mlafi akianza kujumlisha, wenzake wote wanakosa pumzi. Safari hiyo kengele ikazimika. Dada alikuwa akipita tu, akagusa mtoto, akamkuta ameshaanza kuwa baridi. Mtoto alipona, lakini imani ya dada haikupona.

Nilipoifufua, kengele ikawa inalia ovyo, hata kwa kitanda kitupu. Nililitengeneza hilo siku ile ile, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kila ikilia, dada ananipigia simu kwanza: "Ni kweli, au ni mashine yako?" Kisha anazunguka kitanda kwa kitanda akigusa vifua kwa mkono. Jioni tukirudi nyumbani viatu havimvuki kwa jinsi miguu ilivyovimba. Nilikuwa nakasirika. Nilitaka kitu kimoja tu, dada aweze kuisikia kengele ile na kuiamini.

Mimi na dada tulikua tukilala kitanda kimoja, blanketi moja. Yeye akijigeuza, blanketi lote linakwenda naye, mimi naamka natetemeka. Mama hakujenga nyumba nyingine. Alimpa kila mtu blanketi lake, vita vikaisha. Kontena za kwenye seva ni hivyo hivyo. Hununui kompyuta mpya kwa kila programu. Mashine ni ile ile, ila kila programu unaifungia ndani ya kontena lake, chumba chepesi chenye kuta zake na kiasi chake cha kumbukumbu. Ikila ikavimbiwa, inaanguka peke yake.

Nikaenda kwa mkuu wa kitengo. Tunamwita Tusubiri, kwa sababu hilo ndilo jibu lake hata ukimwambia moshi unatoka.

"Haraka haraka haina baraka," akaniambia.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee. Matumbo yenyewe hapa ni ya watoto."

Akakuna kidevu. "Haya, jaribu. Lakini mwenye kauli ni dada yako. Akiikataa, kengele tunaing'oa, wauguzi warudi kupima kwa mkono."

Wauguzi wa wodi ile ni wachache, na mkono hauwezi kuwa kila mahali. Nikajifunga kibwebwe. Nilihamisha programu moja baada ya nyingine, kila moja na chumba chake, na ya kengele nikaipa kuta nene kuliko zote. Kazi ilipokwisha nikamwita dada kwenye chumba cha seva, wodini akiwa ameazima wauguzi wa wodi nyingine, mmoja kando ya kila mashine.

Nikamwachia Mlafi ajumlishe. Akala, akala, akagonga ukuta, akaanguka kwa kishindo cha herufi nyekundu. Kengele haikutikisika. Nikamgeukia dada nikitabasamu kama bibi harusi.

Yeye hakutabasamu. "Sasa iue kengele yenyewe. Binadamu huzimia, sembuse mashine."

Nikaiua. Ikarudi hai kabla hajamaliza kukunja mikono kifuani. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Viwango vyangu viko wapi?"

Nikatazama kioo, nikaelewa. Kontena likianguka halitengenezwi. Linavunjwa, na jingine linajengwa kwa mfano ule ule, safi kama siku ya kwanza. Usafi huo nilikuwa nimeusifia kwa kila mtu. Kumbe viwango vya joto ambavyo dada alimwekea kila mtoto kwa hali yake, niliviacha viandikwe ndani. Kontena lilipovunjwa vikaenda nalo, na sasa kila kitanda kilisoma kiwango cha kiwandani, mdogo kuliko wote sawa na mkubwa.

"Umenijengea nyumba nzuri," dada alisema, "ukatupa vyombo vyangu nje." Akarudi wodini kuviingiza upya, kimoja kimoja.

Nililia kidogo, sitaficha. Tusubiri alichungulia mlangoni akafungua mdomo. "Usiseme," nikamwambia, naye akaufunga. Nikanawa uso, nikakaa. Nilichonga kabati nje ya kontena, kwenye diski ya seva yenyewe, nikalitobolea ukuta ili kengele iandike viwango humo. Chumba kivunjwe, kabati libaki. Kisha nikaiga wodi nzima kwenye mashine ya majaribio, nikaivunja kengele tena na tena mpaka nikachoka kuiona ikifufuka na kila kitu chake.

Safari hii dada alikataa kushuka. "Njoo nayo hapa." Nikapanda wodini na kompyuta ya mkononi, wauguzi wakasimama tena kando ya mashine. Nikamwonyesha kitufe.

"Bonyeza wewe," nikasema.

Akabonyeza kama anayeua mende. Kengele ikafa, ikarudi. Akapita kitanda kwa kitanda akilinganisha viwango na alivyovishika kichwani.

"Vipo," akasema. "Nitaona."

Neno hilo lilinichoma. Nitaona si ndiyo, na Tusubiri alikuwa akingoja ndiyo.

Mwisho wa mwezi ukafika. Nilikuwa mbele ya seva mchana, namtazama Mlafi akijumlisha. Akagonga ukuta wake, akaanguka. Na pale pale, juu yangu, kengele ya wodi ikalia.

Nikanyakua simu, jibu likiwa mdomoni: ni kweli, dada, kimbia. Simu haikulia. Nikasubiri, haikulia. Nikapanda ngazi mbio nikidhani pengine hayupo, pengine hakusikia.

Alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mikono yote miwili ndani ya mashine, amemfunika mtoto kwa viganja. Waya wa joto ulikuwa umechomoka, na muuguzi mwenzake alikuwa anaurudisha.

"Mbona hukunipigia?" nikauliza, nahema.

Hakugeuka. "Nikupigie ya nini? Si imelia?"