Joto Lisilotoka Tanurini

Mama Tanuri alikuwa na kesi na tanuri lake, na ushahidi alikuwa nao tele. Hii ilikuwa wiki ya tano linamvizia. Anakuwa amesimama zake mezani anakanda unga, hana hili wala lile, mara joto linamshika kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni, na kufumba na kufumbua yuko jasho chapachapa, kilemba kimelowa kama kimetoka kufuliwa. Dakika tatu, nne, limekwisha. Halafu anabaki anasikia baridi, mchana kweupe, mbele ya tanuri lenye mikate mia mbili ndani. Sasa kama hiyo si hila ya tanuri, ni nini?

Lilikuwa tanuri la matofali lililojengwa ndani ya ukuta wa nyuma wa duka, mdomo wake mpana wa kupitisha trei mbili kwa mpigo. Alimwita fundi mwashi aliyelijua tangu ujana wake. Fundi akapapasa kuta, akagongagonga, akasikiliza, akachungulia bomba la moshi, akasema halina ufa hata wa kupitisha unywele. Mama Tanuri akapandwa na mori: ina maana yeye ni mwongo? Siku nne baadaye akamwita tena, na safari hii fundi, mtu mzima anayejua dunia, akakoroga udongo na kupaka mahali pasipo na tatizo lolote, mradi mwenye duka aridhike. Kesho yake saa nne joto likarudi palepale kifuani.

Nyumbani nako, mgongoni mwa tanuri hilohilo, hapakukalika. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole ambaye siku nzima ameinamia vigurudumu vidogo kuliko punje ya mchele, na subira yake haikuwa ya kawaida. Ilibidi awe nayo. Mkewe alikuwa anatupa shuka lake chini, baada ya saa moja anamnyang'anya lake, kisha anamwuliza kwa nini anapumua kwa nguvu hivyo. Siku moja mkewe alilia kwa sababu mikate imeumuka vizuri. Alipoulizwa ana nini, alijibu kwamba imependeza mno, akaendelea kulia.

Na kama hayo hayatoshi, binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Chunusi zilimjaa kipajini, magauni yote yalikuwa yamemkataa kwa mwaka mmoja, na akifunga mlango wa chumba chake mtaa mzima unajua amefunga. Mama akifoka, binti ananuna. Binti akilia, mama naye huyo. Baba mtu akawa anachukua sahani yake ya jioni anakwenda kula kwenye meza yake ya saa, ambako kuna amani.

Ungecheka, lakini Mama Tanuri mwenyewe alikuwa hacheki. Alikuwa anaogopa, na hofu ile alirithishwa pamoja na tanuri.

Lilikuwa la mama yake kwanza. Bibi, kama alivyozoeleka kuitwa nyumbani, ndiye aliyelijengesha, na enzi zake watu walikuwa wanapanga foleni kabla mlango haujafunguliwa. Halafu alipofika miaka hamsini na moja, siku moja katikati ya kazi, akavua aproni, akasema tanuri linampika damu, akatoka na hakurudi tena. Akajifungia chumbani miezi, hataki watu, hataki kelele. Kuna walionong'ona kwamba kapata wazimu, kuna waliosema karogwa. Yeye alishika neno moja tu: tanuri lile, mwanamke akifika umri fulani, linamgeuka. Binti yake, wakati huo msichana wa miaka ishirini na sita, alishika kazi na wala hakujali maneno hayo. Sasa naye alikuwa na miaka hamsini na moja, na maneno yaleyale yalikuwa yanamzunguka kichwani kutwa kucha.

Aliogopa kuchanganyikiwa. Aliogopa kwamba siku moja na yeye atatoka aende akajifungie. Na zaidi ya yote aliogopa kwa ajili ya Kitinda, maana mtoto yule, pamoja na kununa kwake kote, aliipenda kazi ya mikate na alishasema mara mia kwamba duka litakuwa lake. Bibi alipoelezwa yote haya alitoa hukumu papo hapo.

"Livunje, mwanangu," alisema. "Mimi nilikosa moyo wa kulivunja, nikakuachia wewe. Wewe usimwachie mtoto."

Kulivunja tanuri maana yake kulifunga duka, na kazi nyingine Mama Tanuri hakuijua wala hakuitaka. Alilala na jambo hilo siku tatu. Kisha akapiga moyo konde, akamwambia fundi mwashi aje siku ya mapumziko, siku pekee ya wiki ambayo tanuri haliwashwi, aje na nyundo na patasi. Fundi akajaribu kumbembeleza. Akaambiwa kama mkono wake mzito atatafutwa mwingine.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amekuja kuona kwa macho yake. Fundi saa alikuwa amefunga kibanda chake ili asimame karibu na mkewe. Kitinda aliegemea magunia ya unga, mikono kaikunja kifuani, macho mekundu. Tangu jana alikuwa hasemi na mama yake. Majivu yalishazolewa tangu jana, mdomo ukaachwa wazi usiku kucha upoe. Fundi mwashi akapiga magoti, akaingiza kichwa na mabega yote ndani ya mdomo wa tanuri, akaanza kutafuta tofali la kuanzia.

Ndipo likamjia. Kifuani, shingoni, masikioni. Mama Tanuri akashika meza kwa mkono mmoja, mwingine ukang'oa kilemba, jasho likawa linamchuruzika hadi kidevuni.

"Mnaona?" akasema. "Linajua leo ndiyo siku yake. Fundi, toka humo, utaungua."

Sauti ya fundi ikatoka ndani, nzito kama ya mtu aliye kisimani. "Mama, humu kuna baridi. Mimi natamani koti."

Kitinda akasogea, akaweka kiganja ukutani, akaingiza mkono kando ya bega la fundi akapapasa matofali ya ndani. Kisha akamtazama mama yake anavyotiririka, na kule kununa kote kukamtoka usoni. Akakimbilia chumbani kwake, akarudi na daftari la shule, akasimama mbele ya baba yake akasema kuna jambo anataka kumsomea mama, jambo la wanawake.

Fundi saa hakuwa mwepesi wa mengi, ila hilo alilielewa mara moja. Akamwambia mwenzake kwamba bomba la moshi lingefaa litazamwe kwa nje. Fundi mwashi akachomoka tanurini, nywele zote majivu, akasema hiyo ni kweli kabisa, bomba la moshi si kitu cha kufanyia mchezo, na wanaume wawili wakatoka mbio hata bila kuchukua ngazi.

Mwezi uliopita muuguzi alikuwa amekwenda shuleni kuwafundisha wasichana habari za kuvunja ungo, na Kitinda alikuwa ameandika yote. Akasoma: mwili utatoka jasho kuliko zamani, umbo litabadilika, usingizi utabadilika, utakasirika bila kujua kwa nini, utalia na kucheka saa hiyohiyo. Mama Tanuri akasikiliza mdomo wazi. Kila lililosomwa lilikuwa lake. Akauliza, na hakuwa anatania, kama muuguzi alisema mtu anaweza kuvunja ungo mara ya pili.

Kitinda akacheka, kicheko cha kwanza nyumba ile kwa wiki mbili, akafunua ukurasa wa mwisho. Kuna msichana mmoja aliuliza kwa nini mama yake naye siku hizi amekuwa mkali, na muuguzi akawaeleza. Kwamba huko kwenye hamsini, kwa mwingine kabla, kwa mwingine baada, mwili wa mwanamke unaanza kufunga kile ulichokifungua usichanani, na kabla haujatulia unayumba. Joto linatoka ndani ya mtu, halitoki nje. Machozi yanakuwa karibu. Si wazimu wala uchawi, ni umri tu, na ukienda kliniki watakupima na kukueleza yanayosaidia. Kitinda alikuwa na maneno hayo mwezi mzima. Mwanzoni aliona haya kuyasema, na baadaye kila alipotaka kuyasema wakawa wameshagombana.

Hapo akashusha sauti. Alilotaka kuuliza halikuwa swali la mtoto kumwuliza mama yake, na alilijua hilo.

"Mama, zile siku zako, bado unaziona?"

Mama Tanuri alikuwa tayari kufoka. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini vidole vilikuwa vimeshaanza kuhesabu vyenyewe: mwezi ule ndiyo, uliofuata hapana, mwingine kidogo tu, halafu kimya. Alikuwa amedhani ni uchovu wa kazi. Akakaa juu ya gunia la unga na kusema polepole kwamba ana mwezi wa nne hajaona kitu. Kisha yeye na Kitinda wakamgeukia Bibi.

Bibi alikuwa ametulia na mikono mapajani. Akasema zake zilikoma mwaka uleule alioacha kazi. Hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo na yeye hakumwambia mtu. Mama yake mzazi alifariki kabla hawajafikia maongezi ya namna hiyo, na rafiki zake wote walikuwa wadogo kwake.

"Na ule moto, Mama, uliisha lini?" Mama Tanuri akauliza.

"Mwaka wa tatu hivi. Nikawaambia watu, si mnaona, nimeliacha tanuri nimepona." Bibi akalitazama tanuri. "Kumbe ningebaki, ungeisha vilevile."

Mama Tanuri akamshika mkono. Miaka ishirini na tano haina pole yake.

"Nilikuwa napenda kuoka," Bibi akasema. "Nilikuwa napenda sana."

Kitinda akaanza kulia, mama yake akamfuata, na Bibi akawauliza wanalilia nini, aliyekimbia ni yeye. Halafu akasema, kwa sauti nzito ya kisimani, kwamba anatamani koti. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Mabega yakaanza, tumbo likafuata, wote watatu wakacheka mpaka mbavu zikauma na Kitinda akateleza chini kwenye sakafu yenye unga. Huko nje wanaume walisikia zile kelele, wakatazamana, wakaingia kwa tahadhari wakidhani sasa wazimu wenyewe umefika.

Fundi mwashi akaambiwa arudishe nyundo yake nyumbani. Mama Tanuri akasema kesho kutwa atakwenda kliniki na Kitinda atamsindikiza, wapate kuongea njiani, maana mtoto alikiri kwamba zile kurasa za mbele za daftari naye zinamsumbua na ana maswali yasiyopungua kumi. Fundi saa aliposikia kwa ufupi habari yenyewe alisema tu kwamba shuka moja la ziada litahitajika.

Bibi akainuka, akaenda kwenye karo, akanawa mikono hadi viwikoni, akauliza siku hizi unga uko wapi. Akakumbushwa kwamba leo ni siku ya mapumziko. Akasema amepumzika vya kutosha.

Wakaliwasha tanuri. Mwanzoni mikono ya Bibi haikumtii. Maji aliyazidisha, goti likamkatalia kusimama, na nguvu za kukanda hazikuwa zilezile. Alilisema hilo wazi bila kuona aibu, akaletewa kigoda, akawa anaamuru na Kitinda anakanda. Katikati ya kazi Mama Tanuri akatangaza kwamba mgeni wake, lile joto, anakuja, na Kitinda akanyakua trei tupu akampepea, huku Bibi akimwambia asimame tu, apumue, linapita. Likapita. Mikate ilitoka imepinda upande mmoja, na waliila ya moto, wote watano, fundi mwashi akila mitatu.

Jioni, duka likifagiliwa, Bibi aliuliza kesho wanaanza saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri, Mama," Mama Tanuri akajibu.

Bibi akasema basi hana muda wa kukaa, inabidi alale mapema. Akatoka kuelekea nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka pale, unga umemjaa viwikoni na hataki kuoshwa. Alipofika njiani akarudi hadi mlangoni.

"Mkiona sijaja," akasema, "njooni mnigongee."